Kutibiwa si kupona: Safari ya maji taka na ya maneno yake

Vyombo vyetu vya habari vina vitenzi vitatu kwa kazi moja. Leo tunaambiwa mtambo fulani unasafisha maji taka, kesho unayatibu, kesho kutwa unayatakasa. Mwandishi huchagua kimojawapo kwa kufuata sikio lake, na mhariri hukipitisha kwa kuwa vyote vitatu vinaelekea kusema jambo lile lile: maji yaliingia yakiwa machafu, yakatoka yakiwa mazuri. Dai langu katika makala haya ni kwamba vitenzi hivyo havisemi jambo moja, na kwamba tofauti iliyopo baina yavyo inaweza kumlaza mtu hospitalini.

Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili katika tafsiri aliwahi kuniletea tangazo la Kiingereza lililowaonya wakulima kuhusu maji yatokayo kwenye mtambo wa maji taka. Katika tafsiri yake alikuwa ameandika "maji yaliyosafishwa". Nikamuuliza: mkulima anayesoma kwamba maji yamesafishwa, kisha kwenye sentensi ya pili anaambiwa asiyanywe wala asimwagilie nyanya, ataelewa nini? Akanijibu, "Lakini Prof, si ni maji yale yale?" Naam, ni maji yale yale, na hapo ndipo penye shida. Mkulima ataamini neno la kwanza na kulipuuza onyo la pili, maana kitu kilichosafishwa ni safi. Sukuma wiki inayokuzwa kandokando ya mito na mabomba ya maji taka jijini Nairobi huishia kwenye sahani zetu sote, wasomi na wasio wasomi. Kwa hivyo neno hili si la mafundi peke yao.

Ili kujua neno lifaalo, hebu kwanza tuijue kazi yenyewe: ilianza vipi na hufanywaje.

Waswahili hawakuwa wageni wa usafi. Magofu ya Gedi, karibu na Malindi, ambayo James Kirkman alianza kuyachimbua mwaka 1948, yana nyumba za mawe zenye vyoo vya shimo ndani kwa ndani, pamoja na mahali pa kustanji. Katika nyumba za kale za Lamu, birika la maji lilifugwa visamaki ambao kazi yao ilikuwa kula viluwiluwi vya mbu. Tulikumbuke birika hilo. Wenye nyumba hawakuyatia maji dawa yoyote. Walimkabidhi kazi kiumbe mwenye njaa. Tutaona kwamba mitambo mikubwa ya leo inategemea hekima hiyo hiyo.

Tazama sasa msamiati uliotokana na maisha hayo. Neno choo lina maana mbili, yaani mahali na kile kinachoachwa mahali hapo. Ndiyo maana daktari huuliza kama umepata choo. Msala ni mkeka wa kuswalia, na msalani ni chooni. Kwa mtu wa pwani hilo si ajabu, maana anayekwenda mkekani sharti apitie kwenye maji. Kinyesi kinahusiana na kunya, kitenzi ambacho sisi wa mjini tunakionea haya, ilhali mzee wa pwani husema mvua yanya na wala hainamishi uso. Nalo neno taka limebeba kila kilichotupwa, kiwe cha jikoni au cha chooni. Hatuna uhaba wa maneno ya uchafu.

Hata hivyo, msamiati huu wote unaishia shimoni. Hatukuwa na kitenzi cha kueleza kinachotendeka baada ya hapo kwa sababu hapakuwa na mtu aliyekifanya. Udongo ndio uliokuwa fundi. Uliyapokea maji, ukayachuja, ukayaozesha yaliyomo, na mambo yakaisha. Pale ambapo watu ni wachache na kisima kiko mbali na choo, fundi huyu hufanya kazi yake bila kulalamika. Watu wakisongamana, mashimo na visima vikakaribiana, fundi hulemewa, na wanaokuja kutoa taarifa ni kipindupindu na homa ya matumbo.

Jambo lililobadilisha kila kitu ni choo cha kuvuta maji. Katika London ya karne ya 19, vyoo hivyo vilipoenea, kinyesi kilichokuwa kikikaa shimoni kikaanza kusafiri. Kilitiririka hadi mto Thames, na Thames ndio uliokuwa ukinywewa na sehemu kubwa ya jiji. Mwaka 1854 daktari John Snow aliuhusisha mlipuko wa kipindupindu na pampu moja ya maji katika mtaa wa Broad Street. Wengi hawakumwamini, waliamini ugonjwa huletwa na harufu mbaya. Kisha likaja joto la mwaka 1858. Mto ulinuka hata wabunge, ambao Bunge lao liko ukingoni mwa Thames, wakatundika mapazia yaliyolowekwa dawa ya chokaa ili waweze kupumua. Ndipo fedha zilipopatikana upesi. Mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mabomba makuu ya chini ya ardhi yaliyoyakusanya maji taka na kuyapeleka mashariki ya jiji.

Mradi wa Bazalgette uliokoa maisha ya watu wengi sana. Lakini haukutibu chochote. Maji taka yalimwagwa mtoni yakiwa mabichi vile vile, mbali kidogo na pua za wakubwa, ili maji kupwa yayachukue hadi baharini. Kuondoa uchafu ni kazi moja, na kuushughulikia ni kazi nyingine. Huo ndio mpaka wa kwanza ambao lugha yetu inapaswa kuuchora.

Kiingereza kinao mpaka huo, ingawa hata wenye lugha yao huuvuka. Kinatenga maji yenyewe, bomba linaloyabeba, na mfumo mzima wa mabomba. Sisi Wakenya tumeyaviringisha yote matatu katika neno moja la mitaani, suweji. "Suweji imepasuka," jirani anakwambia, na hujui kama ni bomba la chini lililopasuka, au maji yanafurika kwenye shimo la ukaguzi, au mtaro wa mvua umeziba. Sina vita na neno suweji. Limezaliwa kwa haki, na watoto wanalielewa. Ila kwa taarifa za afya naona tuseme maji taka kwa kinachotiririka, bomba la maji taka kwa kinachoyabeba, na mtandao wa maji taka kwa mfumo wote. Mtaro tuuachie mvua. Kuchanganya mtaro na bomba la maji taka si kosa la sarufi tu: anayeunganisha choo chake na mtaro anapeleka kinyesi mtoni moja kwa moja, bila kupitia mtambo wowote.

Kazi ya pili, yaani kuushughulikia uchafu, ilianzia shambani. Miji kama Paris iliyatawanya maji taka yake juu ya mashamba, kule Gennevilliers, ili udongo uyanywe na mboga zistawi. Mnamo 1870 mkemia Mwingereza Edward Frankland alionyesha kwamba maji taka yakipitishwa kwenye udongo au changarawe kidogo kidogo, huku yakipewa nafasi ya kupumua, hutoka yakiwa na nafuu kubwa. Alidhani kazi hiyo ni ya kemia tupu. Miaka saba baadaye, mwaka 1877, Wafaransa wawili, Schloesing na Müntz, walifanya jaribio ninalolipenda kuliko yote katika historia hii. Walidondosha maji taka polepole ndani ya mrija mrefu uliojaa mchanga na chokaa. Siku za kwanza hawakuona mabadiliko. Baada ya siku 20 hivi, amonia katika maji ilianza kugeuka nitrati. Kisha wakaingiza mrijani mvuke wa klorofomu, dawa ile waliyotumia madaktari wa enzi hizo kuwalaza wagonjwa wa upasuaji. Kazi ikasimama. Klorofomu ilipoondolewa na maji yaliyooshea udongo yakatiwa, kazi ikaanza tena baada ya muda.

Kumbe mchanga haukuwa ukifanya kazi! Mchanga hauwezi kulazwa kwa klorofomu. Ndani ya mrija mlikuwa na viumbe hai, wadogo wasioonekana, wanaokula. Visamaki vya birika la Lamu vimerudi, ila sasa ni vidogo mara maelfu.

Tangu hapo historia ya maji taka imekuwa historia ya kuwafuga viumbe hao: wapi wakae, wapewe hewa au wanyimwe, wale kwa muda gani. Hapa naomba msomaji anivumilie, maana hapa ndipo ninapodai kwamba jikoni kwetu kuna maneno mazuri kuliko yale tunayoyatafuta kwenye kamusi za kigeni.

Mwaka 1895, katika mji wa Exeter, kusini magharibi mwa Uingereza, Donald Cameron alijenga tangi lililofunikwa. Maji taka yaliingia upande mmoja na kupita taratibu. Vizito vilizama, vyepesi vikaelea, na vilivyozama vikaoza chini kwa chini pasipo hewa. Gesi iliyotoka ilitumiwa kuwashia taa. Kiingereza kilikwenda kukopa jina la tangi hilo katika Kigiriki, kutoka neno lenye maana ya kuoza, nasi tukalikopa tena na kusema septiki. Sawa. Lakini Kiswahili kina familia nzima ya maneno kwa mambo haya. Kuoza ni neno la jumla. Kuchacha ni kwa chakula kilichogeuka: uji, maharagwe, wali wa juzi. Kuvunda ni kuoza kwenye harufu. Ndipo tunapopata uvundo. Na kuvundika ni kuyafunika matunda mabichi mahali penye joto, pasipopita hewa, ili yaive. Kila mama aliyewahi kuzika mkungu wa ndizi shimoni au kuufunika kwa majani anajua kuvundika ni nini.

Sasa niambie, tangi la Cameron lilifanya nini kama si kuvundika? Limefunikwa, halina hewa, lina joto lake, na kinachoingia hutoka kimebadilika. Wahandisi wetu wanapozungumzia umeng'enyaji usiotumia oksijeni, msikilizaji husinzia. Wakisema mvundiko, au tangi la kuvundika tope, mwanakijiji ataelewa, na atajua pia kwa nini lisifunuliwe ovyo na kwa nini gesi yake inaweza kuwaka. Maana ile ile inayotufaa kwa ndizi inatufaa kwa mtambo wa gesi ya kinyesi cha ng'ombe kule Kiambu au Kakamega.

Kuvundika kuna kasoro mbili: ni kwa polepole, na maji yatokayo bado yana uvundo. Njia ya haraka ilipatikana Manchester. Mkemia Gilbert Fowler alizuru Marekani mwaka 1912, akaona katika kituo cha majaribio cha Lawrence, jimboni Massachusetts, jinsi maji taka yanavyobadilika yakipuliziwa hewa. Aliporudi, wenzake wawili katika mtambo wa Davyhulme, Edward Ardern na William Lockett, walijaza chupa maji taka na kuyapulizia hewa mfululizo. Ilichukua yapata wiki tano kumaliza kazi. Wiki tano! Hakuna mji unaoweza kuyaweka maji taka yake kwa muda huo.

Ujanja wao ulikuwa kwenye jambo dogo. Hawakumwaga tope lililotuama chini ya chupa. Waliyamwaga maji ya juu, wakaliacha tope, wakaongeza maji taka mapya na kupuliza tena. Safari ya pili ilichukua muda mfupi zaidi. Wakarudia, na kurudia. Kila mara tope liliongezeka na muda ukapungua, hadi kazi ya wiki tano ikawa inakamilika kwa chini ya siku moja. Matokeo hayo waliyasoma mbele ya wanakemia wenzao mjini Manchester tarehe 3 Aprili 1914, na njia yao sasa hutumiwa na miji mikubwa duniani kote.

Tope hilo wakalipa jina la Kiingereza ambalo sisi tumelitafsiri kwa namna mbili tatu: tope amilifu, tope hai, tope lililochangamshwa. Zote ni tafsiri za neno, wala si za kitu. Kitu chenyewe tunakijua. Mama anayetengeneza mtindi huacha mabaki ya jana kibuyuni ili yagandishe maziwa ya leo. Anayekanda unga hubakiza donge la kuumulia unga wa kesho. Tope la Ardern na Lockett lilikuwa chachu. Ni vijidudu walioshiba jana wakabakizwa ili wale cha leo kwa kasi zaidi. Kwa hivyo napendekeza tope chachu. Jina hili linamfundisha msikilizaji siri ya njia yenyewe, kwamba tope lazima lirudishwe. Fundi akilimwaga lote, mtambo hurudi kwenye wiki zake tano. Jina la tope hai halikwambii hilo, kwa kuwa hata tope la kidimbwi cha vyura ni hai.

Sasa na tuingie mtamboni, hapa hapa Kenya. Kwanza maji hupita kwenye vyuma vilivyosimamishwa kama fito za ua, vinavyonasa matambara, plastiki na kila kitu ambacho hakikupaswa kutupwa chooni. Hicho ni kizuizi. Ni kazi ya kifumbu na chujio. Pili, mwendo wa maji hupunguzwa ili mchanga uanguke. Tatu, huingia kwenye tangi pana na kutulia. Hapa maneno yetu yamejaa tele: maji yanatuama, kinachozama ni mashapo, kinachoelea ni utando wa mafuta na povu. Sijui kwa nini mtu mwenye neno mashapo aandike masalia mango yaliyozama.

Baada ya hapo njia huachana. Mtambo wa Kariobangi, Nairobi, ulijengwa kwa njia ya vitanda vya mawe. Maji yaliyotuama hunyunyizwa juu ya mawe na kudondoka polepole hadi chini, na juu ya mawe hayo huota utelezi ulio hai, unaokula uchafu maji yanapopita. Kiingereza huviita vichujio, na wafasiri wetu wamekubali bila kuuliza. Lakini mawe hayo hayachuji kitu. Mapengo baina yake yanapitisha vidole. Jina la Kiingereza ni kumbukumbu ya wakati ule watu walipodhani mchanga ndio unaofanya kazi, kabla ya klorofomu ya mwaka 1877. Hakuna sababu ya Kiswahili kurithi kosa ambalo sayansi yenyewe ilishalisahihisha. Kitanda cha mawe kinatosha, au kitanda cha utelezi kwa anayetaka kumtaja mfanyakazi.

Mtambo wa Ruai, ambao rasmi unaitwa wa Dandora, unatumia njia nyingine: mabwawa yanayofuatana. Bwawa la kwanza ni la kina kirefu na halina hewa. Hilo ni bwawa la mvundiko. La pili ni pana zaidi. Chini yake hakuna hewa, lakini juu yake huishi mwani mdogo usioonekana mmoja mmoja, unaoyageuza maji kuwa ya kijani na kutoa oksijeni mchana kwa nguvu za jua. Hilo tuliite bwawa mseto. La tatu, lenye kina kifupi, ni bwawa la kukomaza. Huko jua na muda huua vijidudu vingi vya maradhi, na mayai ya minyoo huwa yameshazama katika mashapo ya mabwawa yaliyotangulia.

Hapa jicho humdanganya mtazamaji. Maji ya kijani ya bwawa la pili huonekana mabaya kuliko maji ya kijivu yanayoingia, ilhali yako mbele kwa hatua mbili. Na maji yanayotoka mwisho yanaweza kuwa meupe na yasiyo na harufu, huku yakiwa bado yana vijidudu vya kutosha kumwangusha mtu mzima. Rangi si ushahidi. Ndiyo sababu wataalamu walitafuta kipimo.

Kipimo chenyewe ni rahisi kuliko jina lake. Chukua maji, yaweke katika chupa iliyozibwa, gizani, kwa joto la nyuzi 20, kwa siku 5. Pima oksijeni mwanzoni na mwishoni. Iliyopungua ndiyo iliyotumiwa na vijidudu walipokuwa wakila uchafu. Wataalamu huita mahitaji ya oksijeni ya kibayolojia. Mimi darasani husema njaa ya hewa. Lita moja ya maji safi yenye joto hilo haiwezi kubeba zaidi ya miligramu 9 hivi za oksijeni. Lita moja ya maji taka mabichi ya mjini aghalabu ina njaa ya miligramu 200 au zaidi. Fanya hesabu: lita hiyo moja ikimwagwa mtoni inaweza kumaliza pumzi ya lita zaidi ya 20 za mto. Samaki tunaowaona wakielea si lazima wawe wamelishwa sumu. Wamekosa hewa.

Mwaka 1912 Tume ya Kifalme ya Uingereza ilipendekeza kwamba maji yanayomwagwa mtoni yasizidi njaa ya miligramu 20 na chembe zinazoelea za miligramu 30 kwa lita, kwa sharti kwamba mto uwe na maji ya kutosha kuyazimua. Kanuni zetu za ubora wa maji za mwaka 2006 ziliweka miligramu 30 kwa vyote viwili. Tuuzingatie mto pia. Mto Nairobi wakati wa kiangazi si Thames. Ukiona maji yanatiririka, huenda sehemu kubwa ni hayo hayo yaliyotoka mtamboni au kwenye mabomba yaliyopasuka. Nayo huingia Athi, ambao huko mbele huitwa Galana kisha Sabaki, na kufika Bahari Hindi karibu na Malindi, si mbali na magofu yale ya Gedi. Kinachovutwa chooni Nairobi kina safari ndefu, na njiani kina wanywaji.

Sasa turudi kwenye vitenzi vyetu vitatu. Kutakasa tuwaachie watu wa dini, maana wao wanakijua kuliko sisi. Fikihi ya Kiislamu hutofautisha maji yaliyo tahiri na yanayoweza kutaharisha, yaliyo tahiri lakini hayataharishi, na yaliyo najisi. Na mwaka 1978 wanazuoni wakuu wa Saudia waliamua kwamba maji taka yakitibiwa hata rangi, ladha na harufu ya najisi zikaondoka kabisa, yanaweza kutumiwa kwa udhu. Zingatieni kwamba watu wa dini wana daraja tatu za maji, wakati tangazo la serikali lina mbili tu, chafu na safi.

Kusafisha nako ni ahadi kubwa mno. Nguo iliyosafishwa inavaliwa. Sahani iliyosafishwa inapakuliwa chakula. Maji yanayotoka kwenye mtambo wa kawaida hayajafika hapo. Yanaweza kufikishwa, hilo si ndoto. Windhoek, mji mkuu wa Namibia, umekuwa ukiyarejesha maji taka yake kwenye mifereji ya maji ya kunywa tangu mwaka 1968, wa kwanza duniani kufanya hivyo moja kwa moja. Lakini kufika huko huhitaji hatua nyingi baada ya zile nilizozieleza, na kipimo juu ya kipimo. Anayestahili neno kusafisha ni yule aliyefika mwisho huo.

Kinabaki kutibu, nacho ndicho ninachokitetea. Baadhi ya wenzangu hukipinga, wakisema maji si mgonjwa. Mimi naona hapo ndipo ubora wake ulipo. Kila Mwafrika Mashariki anajua kwamba kutibiwa si kupona. Mgonjwa aliyetibiwa anaweza kuwa amepata nafuu akaruhusiwa kwenda nyumbani, na bado akaambiwa asibebe mzigo mzito. Tukisema maji yametibiwa, lugha yenyewe inamwachia msikilizaji nafasi ya kuuliza: yametibiwa hadi wapi? Yanaruhusiwa kufanya nini? Neno lililosafishwa linalifunga swali hilo kabla halijaulizwa.

Na jibu la swali hilo liandikwe pamoja na neno. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1989, lilitaka maji taka yatumiwayo kumwagilia mazao yanayoliwa mabichi yasiwe na zaidi ya yai moja la minyoo kwa lita, wala zaidi ya bakteria 1,000 wa kinyesi kwa kila mililita 100. Miti ya mbao haihitaji masharti hayo yote. Basi tangazo lisiseme "maji yaliyosafishwa" likanyamaza. Liseme: "Maji haya yametibiwa. Yanafaa kumwagilia miti. Hayafai kunywa, kuoga wala kumwagilia mboga." Sentensi tatu fupi, na hakuna hata neno moja linalohitaji kamusi.

Sipingi kukopa. Oksijeni, klorini, bakteria, nitrati ni maneno ya dunia nzima, tuyatohoe na tuendelee. Lakini Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama na ya viwango vya kuridhisha vya usafi wa mazingira, na katika kifungu cha 7 inaifanya lugha hii kuwa ya taifa na rasmi pia. Haki ya kwanza haidaiwi ipasavyo bila ya pili. Mwananchi hawezi kumuuliza mwakilishi wake wa wadi kwa nini bwawa la mvundiko limejaa mashapo, au kwa nini njaa ya hewa ya maji yanayomwagwa mtoni imezidi 30, ikiwa mambo hayo yamefungiwa katika ripoti za Kiingereza na yeye amebakiziwa neno suweji na kidole cha kuzibia pua.